Mikono ya Upande Mmoja

Kila nikitandaza kitambaa mezani namkumbuka mwanamke mmoja, na simkumbuki kwa wema. Nasema mapema ili anayetafuta hadithi ya watu waliokumbatiana mwishoni atafute kwingine. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kanyakine, mzaliwa wa Siakago, kule chini kwenye joto, na kinyongo changu nimekilea kama mtoto. Nimekilisha, nimekiogesha, mpaka kikakua kikaweza kutembea chenyewe.

Yule mwanamke tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Alikuwa na duka la ushonaji kando ya barabara iendayo sokoni, na alikuwa na kitu ambacho fundi mwingine hakuwa nacho: sare ya akina mama wa kanisa letu. Ni gauni refu la zambarau lenye kola nyeupe na mikono mirefu iliyojaa kidogo begani. Ukiliangalia unadhani ni rahisi. Jaribu kulikata uone. Kola inasimama kama imekasirika, mabega yanaanguka, na mama wa watu anaonekana ameazima nguo ya dada yake mnene. Lakini sare ya Mwalimu ilikaa mwilini kama ilizaliwa hapo. Wanawake walipanda kutoka Embu kuja kushonewa naye.

Mama yangu alikutana naye katika mkutano wa akina mama wa makanisa yetu, akarudi Siakago haongei kitu kingine. Alitaka mambo mawili. La kwanza, mimi nifunzwe kazi na mikono ile. La pili, yeye mwenyewe avae sare hiyo. Na sare hiyo huivai tu kwa sababu umepata kitambaa. Mwanamke husoma mafunzo mwaka mzima, huhojiwa, kisha siku maalum anaitwa mbele ya kanisa akiwa ameivaa, na wanawake wakubwa wanamfunga kitambaa cha kichwa. Kabla ya hapo anakaa viti vya nyuma, hata kama amezaa na kulea na kuzika mume kama alivyofanya mama.

Basi nikapelekwa Kanyakine pamoja na mbuzi na gunia la ndengu. Hiyo ndiyo ilikuwa karo yangu. Mwalimu alimkagua mbuzi kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Huyu atawezana na baridi?" alimuuliza mama. "Nyinyi watu wa jua mnakuja huku mnalala siku nzima."

Mama alicheka kwa heshima. Mimi sikucheka.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa ikienda katika duka lile, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Mbele kulikuwa na vyerehani, na wasichana tuliofunzwa tulikaa hapo. Nyuma kulikuwa na chumba chenye komeo. Kitambaa cha mteja kikija, Mwalimu alikichukua pamoja na futi, chaki na mkasi, akaingia humo, akafunga, akafungua redio. Tulisikia mkasi chini ya nyimbo za injili. Akitoka, alikuwa na kifurushi cha vipande vilivyokatwa na kufungwa kwa utepe wa pindo la kitambaa. Alikitupa juu ya cherehani yako na kusema, "Unga." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu.

Anayejua kazi hii anajua kwamba kushona ni kufuata njia. Njia yenyewe inachorwa na mkasi. Mshono ukikosea unaufumua na kurudia, lakini kitambaa kikishakatwa vibaya ndiyo basi. Mafundi wengi wa huku wanaficha kukata vile mtu anavyoficha pahali alipozika dhahabu. Ukimwuliza Mwalimu alikujibu bila aibu: "Nikikuonyesha kukata, kesho utafungua duka ng'ambo ya barabara. Mimi si mjinga."

Kwa hiyo niliiba nilichoweza kuiba. Nilipapasa kingo za vile vipande nikagundua kwamba mbele ya kwapa anachimba, yaani anakata kuingia ndani, zaidi kuliko nyuma. Niligundua kwamba mwanamke aliyejifungua juzi anamwachia kitambaa kingi ubavuni. Nilipofagia niliokota mabaki, nikayapanga sakafuni kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika, nione alivyolaza kila kipande. Alinikuta siku moja nimepiga magoti juu ya mabaki hayo. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiyachoma kwenye jiko lake la makaa, na duka likanuka nailoni iliyoungua.

Nilikuwa nimekaa pale kama miaka miwili mama alipokuja na kitambaa chake. Mafunzo ya kanisa alikuwa amemaliza, na siku ya kuvishwa ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kitambaa hicho hakikuuzwa dukani. Kilitoka kanisani, kila mwanamke alipimiwa chake, na kilikuwa kinatosha gauni moja tu bila ziada. Upande mmoja kilikuwa kinang'aa, upande wa pili kimefifia. Mama alikuwa amekifunga ndani ya leso, na leso ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kiondo.

Alisalimia, akanywa chai, akawauliza wote habari za kwao. Kisha akamwuliza Mwalimu swali ambalo mzazi yeyote angeuliza.

"Na mtoto wangu, sasa anajua kukata?"

Kulikuwa na wateja wawili pale na wasichana wenzangu wote. Uso wa Mwalimu ulibadilika kidogo. Sidhani kuna mtu alikuwa amewahi kumwuliza hivyo mbele ya watu. Alisimama, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na mkasi wake mkubwa akanishikisha.

"Si anajua?" alisema. "Akate. Akate hii yako. Leo tutaona."

Ningekataa, labda. Lakini mama alikuwa amenitazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa fahari hata nikaona haya kukataa. Tulisogeza vyerehani, tukatandaza kitambaa sakafuni juu ya mkeka. Nilichukua sare iliyokuwa imekwisha kushonwa nikaifanya kielelezo. Nilikata mbele, nikakata mgongo, nikakata kola. Mkasi ulienda sawa. Mwalimu alikaa kwenye stuli akila nduma na chumvi. Kila nikiinua macho alisema, "Endelea. Endelea tu, uko vizuri."

Ikabaki mikono. Niliulaza mkono wa sare ile juu ya kitambaa, nikachora, nikakata. Kisha nikausogeza mbele kidogo, nikaulaza vilevile, nikachora tena.

Anayejua kazi hii ameshaguna. Mkono wa pili lazima uugeuze, maana mwili una kulia na kushoto. Ukiulaza mara mbili vilevile unapata mikono miwili ya upande mmoja. Ni kosa la kila anayeanza. Fundi mzima anayekufundisha anakushika mkono kabla mkasi haujafunga, anakuchapa kidogo kichwani, mnacheka, yanaisha.

Mwalimu aliona. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, na nilipoinua mkasi aliacha kutafuna. Nakumbuka hilo la kuacha kutafuna kuliko jambo lingine lolote. Alisubiri nikate mpaka mwisho, kipande kikaachana na kitambaa, ndipo akameza na kucheka.

"Mama," alisema, "huyu mtoto wako amekukatia wewe au ng'ombe aliyezaliwa na miguu upande mmoja?"

Akainama, akaiokota mikono yote miwili, akaiinua ili wateja waione. Wateja walicheka. Wasichana nao walicheka, kwa kuwa walimwogopa. Aligeuza mkono mmoja ule upande uliofifia akauweka begani mwa mama, juu ya nguo yake, akauliza kama angependa kwenda mbele ya Mungu na mkono mmoja wa Jumapili na mwingine wa shambani. Mama alisimama akiwa na kile kitambaa begani mwake asijue afanye nini na mikono yake mwenyewe.

"Haiwezi kutengenezwa?" mama aliuliza.

"Kitambaa kimeisha. Ningetengeneza na nini, na mate?"

Mama alikusanya vipande vyote, hata vidogo, akavifunga ndani ya leso. Alisema asante kwa chai. Niliondoka naye siku hiyo hiyo, na sikuaga mtu.

Jumapili ile nilikaa naye kanisani kwetu Siakago. Wanawake waliosoma naye waliitwa mmoja mmoja wakapita na zambarau yao, wakafungwa vitambaa vya kichwa, vigelegele vikapaa. Mama alikaa viti vya nyuma na gauni lake la kila siku, akaimba kila wimbo. Ilibidi angoje mwaka mwingine, na mwaka huo mwingine mvua ilikosa, akauza vitu vya nyumbani, na mambo ya sare yakasahaulika. Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu, maana lawama ina mwisho wake.

Baada ya hapo nilikwenda Meru mjini kutafuta kazi ya kufagia au kufua, chochote. Karibu na msikiti palikuwa na mzee mmoja Mwislamu aliyeshona kanzu, mabuibui, suti, hata mapazia. Meza yake ya kukatia alikuwa ameiweka nje, chini ya mabati, kando kabisa ya njia. Alikata watu wakipita, wakimsalimia, wakiegemea meza yake kuongea siasa. Nilisimama pale siku ya kwanza nikitazama hadi miguu ikauma. Siku ya pili aliniuliza, "Mwanangu, unataka kununua au unataka kujua?" Nikasema nataka kujua. "Basi sogea upande huu," alisema, "huko unaona kinyume."

Hivyo tu. Hakuna mbuzi, hakuna komeo.

Yule mzee alinifundisha kwamba kuna njia zaidi ya moja za kukikabili kitambaa. Unaweza kukikunja mara mbili, nyuso zikitazamana, ukate tabaka zote kwa pamoja. Hapo kulia na kushoto vinatoka vyenyewe bila wewe kufikiri. Unaweza kuchora kwanza kwenye karatasi ngumu, ukate karatasi, uitumie hata kwa watu wengi, ukipunguza hapa na kuongeza pale. Na kuna wakati, kwa mtu mwenye kibyongo au bega moja chini, unaweka kitambaa juu ya mwili wenyewe na kukifuata na pini, kwa kuwa mwili huo haujui mambo ya futi. Alinionyesha kukata mshazari ili sketi ianguke kama maji. Alinionyesha kutazama kitambaa chenye ndege au maua, nisije nikawapindua ndege miguu juu mgongoni mwa mtu. Alikuwa akiongea akikata, akikosea alisema "astaghfirullah, nimekosea hapa, njoo uone nilivyokosea."

Siku moja nilimsimulia habari ya mikono ya mama. Nilitaka acheke, nami nicheke, nitue huo mzigo. Alicheka kweli. Kisha akaacha, akauliza, "Na mabaki yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Vipande vidogo."

Alichukua karatasi ya kaki, akakata mikono miwili ya upande mmoja, akaiweka mbele yangu. Mmoja akauacha. Wa pili akauchimba kidogo upande wa mbele, kisha akachukua kibaki kisichozidi jani la mhindi mchanga, akakiunga upande wa nyuma, pale chini ya kwapa. Akauinua. Ulikuwa mkono wa upande wa pili, kamili.

"Hapa chini hapaonekani," alisema. "Labda mtu akuinue mikono akuchunguze kwapa. Kila fundi anajua hii. Huyo mwalimu wako alijua."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Mpaka siku hiyo nilikuwa namchukia Mwalimu kwa kuniacha nikosee. Sasa nikajua kwamba mama aliuliza kama inawezekana, na yule mwanamke, akiwa na jibu mkononi, akamwambia habari za mate. Kazi ya saa moja. Alimnyima mama siku yake kwa sababu mama aliuliza swali mbele ya wateja.

Kuanzia hapo nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani. Nilitaka yule mwanamke asimame mbele ya watu akiwa hana pa kujificha, kama alivyomsimamisha mama yangu na kitambaa begani. Mengine yote niliyoyafanya, hata yale ambayo watu wananisifia, niliyafanya kwa ajili ya hilo.

Nilifanya kazi Meru hadi nikawa na cherehani yangu. Watu waliniambia nifungue duka Maua, au nirudi Siakago ambako hakukuwa na fundi mzuri. Nilikodi chumba Kanyakine, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa Mwalimu. Siku ya kwanza nilitoa meza yangu ya kukatia nikaiweka nje. Nilitandaza kitambaa nikaanza kukata, polepole kuliko ilivyohitajika, nikisema kwa sauti kila nilichofanya kama mtu anayetangaza mpira redioni.

"Sasa naukunja hivi! Nyuso zinatazamana! Sasa kwapa, mbele nachimba zaidi, nyuma kidogo!"

Wapita njia walidhani nimechanganyikiwa. Lakini ng'ambo ya barabara vikanyagio vya vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Wasichana wa Mwalimu walikuwa wananyoosha shingo.

Wiki haikuisha kabla ya wa kwanza kuvuka, akijifanya anatafuta uzi. Nilimpa chaki badala ya uzi. Akaja wa pili, akaja na dada yake. Niliwafundisha wote, saa yoyote, hata wale waliokuwa wavivu, hata mmoja aliyekuwa na kiburi ambaye sikumpenda. Watu walisema nina moyo mkubwa. Mchungaji alinitaja katika mahubiri kama mfano wa ukarimu. Nilikaa pale kanisani nikitikisa kichwa kwa unyenyekevu, na moyoni nikihesabu vyerehani vilivyobaki bila mtu ng'ambo ya barabara.

Kisha nikafanya ile sare. Nilitafuta sare ya zamani kwa mjane mmoja, nikaifumua mshono kwa mshono, nikaichora yote kwenye karatasi ngumu: mbele, mgongo, kola, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nilichora ya mama mwembamba, ya mama wa wastani, ya mama aliyebarikiwa. Nikatundika karatasi hizo kwenye msumari nje ya duka langu, na nikatangaza kwamba fundi yeyote, kutoka popote, aje achore zake, bure. Walikuja kutoka Nkubu, wakaja kutoka Embu. Siri ya Mwalimu ilikaa msumarini inapigwa na upepo.

Alivuka barabara siku hiyo. Alikuwa amezeeka kidogo na vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo. Alizitazama karatasi, akanitazama.

"Wewe msichana, unanimaliza," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikulisha. Nilikupa pahali pa kulala."

"Ulikula mbuzi wa mama yangu."

Alingoja niseme neno lingine, labda nipaze sauti ili watu wamwonee huruma. Nilichukua mkasi nikaendelea na kazi. Akarudi kwake. Kabla ya mavuno duka lake likafungwa, na sasa panauzwa mbolea. Sitasema uongo: niliifurahia ile siku. Nilinunua nyama, nikala nikiwa nimekaa mahali nilipoweza kuuona ule mlango.

Lakini haikuwa ile niliyoitaka. Alifunga duka kimyakimya, akaenda zake nyumbani na heshima yake nzima.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami kufikia wakati huo, kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua na Siakago maji ni ya kutembea. Alisoma mafunzo upya na wanawake wa umri wa mabinti zake, akapimiwa kitambaa kingine, nikamshonea sare, akaitwa mbele, akafungwa kitambaa cha kichwa. Nililia mpaka nikakosa adabu. Yeye hakulia. Nilipoanza kumsema Mwalimu, kama kawaida yangu, alinikata. "Achana na yule mama, mwari," alisema. Mwari ni binti kwa lugha yetu ya Kimbeere, na akiniita hivyo najua mazungumzo yamefungwa. Nikadhani amesamehe. Nilimwonea hata hasira kidogo, kwamba ameniachia mzigo wote peke yangu.

Halafu kanisa likaamua kumheshimu Mwalimu.

Wazo lilitoka kwa wazee. Kanyakine imejulikana kwa mafundi, walisema, kila kona kuna msichana mwenye meza na mkasi, harusi zinakuja kushonewa hapa. Na nani aliyeanzisha? Mwalimu. Nilisikia tangazo hilo kanisani Jumapili. Nilikuwa nimegawa siri yake kwa watu wote, na sasa watu wote walikuwa ushahidi wake. Kila msichana niliyemfundisha kwa chuki alikuwa ameongezwa kwenye taji lake.

Siku ya sherehe kanisa lilijaa hadi nje. Alikaa mbele kwenye kiti chenye mto, amevaa sare mpya. Niliitambua kola ile kwa mbali. Ilitoka kwenye karatasi zangu. Walimvika leso mbili na shada la maua, wakampa kipaza sauti. Alishukuru Mungu, akashukuru wazee, akasema alianza na cherehani moja na imani. Mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti akaomba wote waliopitia mikono ya Mwalimu wasimame.

Walisimama. Wangefanya nini? Walikuwa wamekaa duka lake kweli. Walisimama upande wa madirishani na upande wa kwaya, wengine na watoto mgongoni. Vigelegele vikapigwa. Watu wakaanza kugeuka kunitazama mimi, maana mimi nilikuwa nimekaa.

Mwalimu aliliona hilo. Aliomba kipaza sauti tena, akatabasamu.

"Hata yule amekaa," alisema. "Msimlaumu, ni hasira za vijana. Lakini kukata kwake ni kukata kwangu. Nilimtoa kwa jua, nikamfanya akawa mtu."

Kanisa likacheka kwa upole. Nilianza kuinuka ili nitoke nje.

Mama alinishika goti akanikalisha. Kisha akainuka yeye. Alitembea na ule mguu wake mpaka mbele, bila haraka, zambarau yake ikianguka vizuri nyuma, akanyoosha mkono akapewa kipaza sauti kwa kuwa hakuna anayemnyima mama mzee ushuhuda.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen!"

"Mimi Kiswahili yangu ni kidogo, mnisamehe. Mimi ni mama ya huyo wa jua. Niko na swali moja tu, alafu nitakaa." Akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, hawa wasichana wako wamesimama. Ni wengi, tunashukuru Mungu. Nionyeshe mmoja. Mmoja tu ule ulimwonyesha kukata kitambaa. Mtaje, nikae."

Mwalimu alicheka kidogo, akatazama upande wa kwaya, akatazama madirishani. Nadhani mwanzoni alitafuta kweli.

"Wote," alisema.

"Wote ni mingi. Mimi naomba mmoja."

Mzee wa kanisa alisogea. "Mama, basi, tuendelee na programu."

"Hajajibu," mama alisema, na hakukiachia kile kipaza sauti.

Msichana wa kwanza kukaa alikuwa yule mwenye kiburi nisiyempenda. Alikaa kwa kishindo, ubao ukalia. Kisha akakaa mwingine upande wa dirisha, akimweka mtoto magotini. Upande wa kwaya wakakaa wawili pamoja. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wakitazama chini na kukaa, mmoja hapa, mmoja pale, na kila mmoja akikaa mama aligeuza kichwa akamtazama, kisha akarudisha macho kwa Mwalimu. Alikuwa na subira ya mtu aliyechambua ndengu maisha yake yote. Nilimtazama usoni nikaelewa kwamba hakuwahi kusamehe hata kidogo. Alikuwa ananinyamazisha mimi kwa sababu nilikuwa namharibia mpango wake.

Wakaisha. Kanisa zima lilikuwa limekaa isipokuwa mama yangu na Mwalimu, aliyekuwa amesimama mbele ya kile kiti chenye mto na leso zake mbili, mikono yake haijui iende wapi.

"Asante," mama alisema. "Hiyo tu."

Alimrudishia mzee kipaza sauti, akarudi akichechemea mpaka mahali petu. Kabla ya kukaa alilainisha gauni nyuma ili lisijikunje. Akaniambia kwa Kimbeere nisogee kidogo, nimemwachia nafasi ndogo. Nikasogea.